Mwanga Haupiti Ukutani

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya kata, kwenye josho la ng'ombe, na kwenye ubao wa kanisa katikati ya ratiba ya kwaya na orodha ya wachumba:

"TANGAZO KWA UMMA. Kuanzia leo, mwanga wote unaotoka kwenye balbu ya Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Gidalohi ni waraka wa siri wa Serikali. Ni marufuku kwa mwananchi yeyote kuutazama, kuupokea, kuota joto lake, au kuanika kitu chochote chini yake bila kibali cha maandishi. Atakayeangaziwa kwa bahati mbaya atoe taarifa ofisini ndani ya saa ishirini na nne."

Mpaka saa sita mchana walikuwa wameshajisalimisha wawili. Wa kwanza alikuwa mzee aliyepita karibu na dirisha akimtafuta mbuzi wake. Wa pili alikuwa mbuzi mwenyewe, aliyeletwa na yule mzee kwa kamba, maana sheria ni msumeno. Mtendaji wa Kata, Basili Bura, aliwahoji wote wawili, akaandika maelezo yao, akawaonya na kuwaachia. Baadaye alimwambia karani wake, Marieta, kwamba ushirikiano wa wananchi umemgusa sana.

"Mbuzi alisemaje, Mtendaji?" Marieta aliuliza, kalamu mkononi.

"Alikana. Andika amekana."

Marieta aliandika. Alikuwa binti wa Mbulu juu, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri, na katika miaka minne ya utumishi alikuwa amejifunza kwamba njia fupi ya kufika jioni ni kuandika unachoambiwa.

Asije mtu akadhani Basili alikuwa kichaa. Jambo lenyewe lilikuwa la kitaalamu. Wiki tatu nyuma, kata ilikuwa imechaguliwa kuingia kwenye mradi mpya wa mawasiliano kwa njia ya mwanga, na mtaalamu wake alikuwa amekuja na gari lenye vumbi la safari nzima kutoka Haydom. Mtaalamu huyo aliitwa Wolfgang. Alikuwa kijana mweusi tii wa Dareda. Jina alipewa na padri aliyembatiza, na tangu shule ya msingi alikuwa amechoka kulielezea.

"Mtendaji, balbu hii inawaka na kuzima mara mamilioni kwa sekunde moja," Wolfgang alieleza akiwa juu ya kiti, akiifunga. "Jicho halioni. Lakini kipokezi hiki kidogo cha kwenye kompyuta yako kinaona. Katika kule kuwaka na kuzima ndimo barua zako zinamopita."

"Kama mtu anayekonyeza," Basili alisema.

"Ndiyo. Anakonyeza haraka sana."

"Na faida yake kwa upande wa usiri?"

Hapo Wolfgang alitamka sentensi ambayo ingemgharimu Basili zaidi ya neno lolote alilowahi kuambiwa na binadamu. "Mtandao wa redio unapita ukutani, jirani anaweza kuudaka akiwa kitandani kwake. Mwanga haupiti ukutani."

Basili aliomba airudie. Akaiandika kwenye kiganja. Mwanga haupiti ukutani! Kwa mtu mwenye cheo, na mwenye matumaini ya kuhamishiwa makao makuu ya wilaya, na mwenye jambo lake moja dogo ambalo hakutaka lifike kwa watu kabla halijakamilika, sentensi hiyo ilikuwa tamu kuliko asali ya porini.

"Lakini," Wolfgang aliendelea, maana wataalamu hawajui kunyamaza pazuri, "mwanga hauchagui mtu. Ukimfikia yeyote mwenye kipokezi, naye anasoma. Kwa hiyo tuweke neno la siri."

"La nini? Neno la siri ni la watu wenye kuta mbovu."

"Na chumba lazima kiwe na silingi ya kuziba juu. Kwenye fomu wanauliza." Wolfgang alitazama juu. Juu palikuwa na bati. "Silingi ipo?"

"Ipo," Basili alisema, na akaweka alama ya vema kwenye NDIYO kwa moyo mweupe kabisa. Silingi ilikuwepo. Kilichokuwa tofauti ni chumba tu.

Ofisi ya kata ilikuwa imejengwa kwa nguvu za wananchi hadi kwenye lenta, juu kidogo ya milango, halafu serikali ikaleta bati, milango, na silingi bodi arobaini. Bati lilipigwa. Milango ilifungwa. Silingi bodi, kwa kuhofia zisije zikapinda, zilipelekwa kuhifadhiwa kwa muda sebuleni kwa Mtendaji, na huko, kwa kuhofia zaidi zisije zikapinda, zikapigiliwa misumari juu, zikapakwa rangi nyeupe na kuzungushiwa ukanda wa mbao. Zilikuwa na miaka miwili sasa na hata moja haikuwa imepinda. Huko ofisini, ukuta kati ya chumba cha Mtendaji na ukumbi wa wananchi uliishia pale nguvu za wananchi zilipoishia. Kutoka hapo hadi batini palikuwa wazi, na shomoro walipita bila kibali.

Mradi ulikuwa umeleta na kitu cha pili. Ukumbini, kwenye ukuta wa mbali, Wolfgang alikuwa ametundika runinga kubwa yenye kipokezi chake, na juu ya benchi akafunga balbu ya wananchi. Kupitia balbu hiyo wananchi walipaswa kupata bei za mnadani, tarehe za chanjo ya mifugo na habari za mvua. Wolfgang alipoondoka tu, Basili aliizima. Alieleza kwenye Waraka Namba Moja kwamba mwananchi aliyeangaziwa ghafla anaweza kupata mshtuko, na kwamba elimu itangulie. Tangu siku hiyo runinga ilionyesha maneno mawili tu: INATAFUTA MWANGA. Watu wakazoea. Wengine walifika, wakaamkia wazee, wakaketi, wakayasoma, wakaridhika, wakaenda zao.

Sasa lile jambo dogo. Gidalohi ina lambo moja. Liko upande wa tambarare, kwenye njia ya Getanuwas, na ng'ombe wote wa wafugaji wa huko wanakunywa hapo. Lambo likikosekana, maji ya karibu ni mwendo wa siku nzima. Mwaka wa ukame mkubwa lilikauka, na bibi mmoja wa Kibarbaig, Kornelia, alipoteza ndama kumi na mmoja njiani, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alimbeba mgongoni mpaka akafia mgongoni. Anayesema hayo ni maneno tu hajawahi kubeba ndama.

Basili alikuwa amemkabidhi lambo hilo Nikolausi, mtoto wa baba yake mkubwa, alime vitunguu. Makabidhiano yalifanyika kwa kufuata taratibu zote isipokuwa ile ya kuwaambia watu. Uzio ungejengwa Alhamisi. Baada ya hapo wananchi wangeshirikishwa kikamilifu, kwa kuonyeshwa uzio.

Ndiyo maana Jumatatu aliufanya mwanga kuwa waraka wa siri. Jumanne akatoa Waraka Namba Mbili: madirisha yote ya ofisi na ya ukumbi yazibwe kwa mablanketi, ili hata tone la mwanga wa Serikali lisimwagike nje. Jumatano asubuhi akatoa Waraka Namba Tatu, ambao aliuonea fahari kuliko yote. Ulikuwa na vifungu vinne. Kwanza, balbu ya Mtendaji inapowaka, wananchi walioko ukumbini waupe mgongo ukuta wa Mtendaji na kutazama ukuta wa mbali. Pili, kikao chochote cha siri kifanyike katika chumba chenye silingi. Tatu, asiyehusika na kikao hicho asimame nje, aupe mlango mgongo, asichungulie mwanga utokao chini yake. Nne, utekelezaji utasimamiwa na mgambo wa kata, Gerald, bila kujali sura wala cheo.

"Bila kujali cheo, Mtendaji?" Marieta aliuliza.

"Sheria isiyojali cheo ndiyo inayopendeza kusomwa mbele ya wageni. Piga muhuri."

Akapiga.

Jumatano hiyohiyo, saa nne, ukumbi ulijaa. Akina mama walikuwa wamesikia tetesi za nguzo za uzio zilizoonekana kwenye lori, wakaja kuuliza, Kornelia akiwa mbele na fimbo yake. Basili alitoka kuwapokea. Cheo ni cheo, lakini umri ni umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtendaji, tumesikia lambo linafungwa."

"Mama, ofisi yangu haijapokea taarifa yoyote ya namna hiyo kwa maandishi."

"Na kwa mdomo?"

"Kwa mdomo ofisi haina masikio. Kaeni, nitafuatilia. Gerald! Wageuze."

Gerald, mgambo mwenye buti mpya na moyo wa utii, aliwageuza. Akina mama hamsini wakaupa mgongo ukuta wa Mtendaji, na Marieta, ambaye meza yake ilikuwa ukumbini, akageuka nao. Madirisha yalikuwa yamezibwa, jua halikuwa na pa kupenya, na ukumbi ulikuwa na giza la pangoni. Mbele yao palikuwa na runinga tu. INATAFUTA MWANGA.

Basili aliingia ofisini, akafunga mlango, akawasha balbu, akafungua kompyuta. Mwanga ulijaa chumba, safi, mweupe, mtiifu. Haukupita ukutani. Ulipanda juu, ukagonga bati jipya linalong'aa, ukashuka upande wa pili. Kwa wiki tatu ulikuwa ukifanya hivyo kila siku, lakini jua la madirishani lilikuwa linaufifisha. Sasa jua lilikuwa limefungiwa nje kwa Waraka Namba Mbili, na kipokezi cha wananchi, kilichonyimwa balbu yake kwa Waraka Namba Moja, kilikuwa na njaa ya mwanga wowote.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Nikolausi. Basili alisoma kimya: *Kaka, uzio umefika wote.*

"Ka-ka, u-zi-o u-me-fi-ka wo-te," ilisema sauti ya Marieta ng'ambo ya ukuta, taratibu, kwa manufaa ya wasiojua kusoma.

Basili aliinua kichwa. Ofisi isiyo na silingi ina mwangwi, hilo alikuwa analijua. Akatulia.

*Kesho saa mbili tunafunga lambo. Hao akina mama wako usiwaambie kitu.*

"Kesho saa mbili tunafunga lambo," Marieta alisoma. "Hao akina mama wako usiwaambie kitu."

"Rudia hapo," ilisema sauti ya Kornelia.

Marieta akarudia. Basili alianza kuona kwamba mwangwi huu una hiari yake. Aliisogeza kompyuta ukutani, kisha akaifunika kwa koti, ambalo halikusaidia, kwa kuwa siri ilikuwa haitoki kwenye kompyuta. Ilikuwa inatoka juu ya kichwa chake.

*Halafu kaka zile silingi bodi za ofisi ulizopiga sebuleni kwako, zilibaki nane. Nije nizichukue za banda la vitunguu?*

Marieta alisoma hiyo bila kukatakata silabi. Alisoma kama anavyosoma mtu aliyefanya kazi miaka miwili chini ya bati, mvua ikimpigia kelele masikioni na baridi ya Juni ikimng'ata vidole.

Basili aliruka na kuzima balbu. Giza likaanguka vyumba vyote viwili kwa pamoja. Shomoro mmoja akapita.

Kisha sauti ya Kornelia ikaja juu ya ukuta, bila haraka:

"Mtendaji, washa. Hatujamaliza kusoma."

Basili alisimama gizani akitafuta kifungu. Alipata kimoja. "Mama, mmeangaziwa bila kibali!"

"Tumeangaziwa, baba. Na tunatoa taarifa ndani ya saa ishirini na nne, kama ulivyoagiza. Marieta, tuandike. Tuko hamsini."

"Mlitakiwa mgeuke!"

"Tuligeuka, Mtendaji," alisema Gerald kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa. "Niliwageuza mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyetazama kwako."

Alhamisi, lori la Nikolausi lilifika lamboni saa mbili kamili na kukuta ng'ombe mia sita wamelala kuzunguka maji, na akina mama wamekaa katikati yao wakishona shanga. Dereva alipiga honi. Ng'ombe hawakuwa na waraka wowote wa kuhusu honi. Lori likageuza.

Saa tatu ilipigwa simu kutoka kwenye mradi. Alikuwa Wolfgang, na sauti yake ilikuwa inacheka kwa furaha ya kazi. "Hongera, Mtendaji! Vipokezi vya wananchi vinatoa takwimu. Kata yako ndiyo ya kwanza ambayo barua za ofisi zinawafikia wananchi muda uleule zinapoingia. Wakubwa wamefurahi. Wanasema uwazi wa namna hii hawajauona. Wameagiza usibadilishe kitu chochote. Sijui hiyo silingi uliipigaje, lakini ibaki hivyohivyo."

"Itabaki," Basili alisema, kwa sauti ndogo.

Alitoka nje kupata hewa, akamkuta Kornelia anamngoja.

"Shikamoo, mama. Kuhusu lambo..."

"Marahaba. Lambo halifungwi, hilo limekwisha. Kilichobaki ni wewe."

Hapa mgeni aelezwe. Kwa Wabarbaig, akina mama wana baraza lao. Mwanamume akiwakosea, huitana, huketi peke yao, na mwanamume haruhusiwi kusogea. Hukumu yao huwa ni dume la ng'ombe, jeusi lisilo na doa jeupe, nalo huchinjwa na kuliwa na walioketi. Rufaa hakuna. Wanaume wakubwa, wenye mikuki na wake watano, wametoa dume na kushukuru.

"Mama, hayo ni ya Wabarbaig," Basili alisema. "Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu."

"Ng'ombe wakifa kiu, wanakuuliza kabila? Na mke wako ni binti wa Kibarbaig wa kule Gehandu. Ni wetu." Kornelia aliigonga fimbo chini. "Tunaomba chumba. Baraza letu ni la siri, na wewe umesema kikao cha siri kiwe kwenye chumba chenye silingi. Kata nzima kipo kimoja."

Basili alifikiria haraka kuliko siku zote. Akitamka kwamba hakuna, amekana fomu aliyoweka vema. Akitamka kwamba kipo, amekitaja ni kipi. Alichagua kunyamaza, na Kornelia, ambaye alikuwa amelea watoto tisa, alikuwa anajua kunyamaza kwa namna hiyo kuna maana gani.

Ijumaa, saa tano za asubuhi, akina mama waliingia sebuleni kwa Mtendaji mmoja mmoja, fimbo mkononi, viatu nje. Wengi waliinua kichwa kwanza wakaitazama silingi, nyeupe, ya kupendeza, isiyopinda. Agatha, mke wa Basili, aliwakaribisha kila mmoja kwa heshima yake, akavuta mapazia na kuwasha taa. Kisha, badala ya kutoka, alichukua fimbo iliyokuwa pembeni ya kabati, akaketi nao.

"Agatha," Basili aliita kutoka mlangoni, akitaka kuingia. "Nyumba ni yangu!"

"Najua, mume wangu," Agatha alisema. "Funga mlango ukitoka."

Alifunga. Nje alimkuta Gerald amesimama wima, nakala ya Waraka Namba Tatu imekunjwa vizuri mfukoni.

"Mheshimiwa, samahani. Geuka."

"Gerald, mimi ndiye niliyeandika hiyo."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Imeandikwa vizuri sana. Bila kujali cheo." Alimgeuza taratibu kwa mabega. "Tazama upande wa mlima."

Basili aliutazama mlima Hanang. Ulikuwa umevaa wingu lake la kawaida na haukuonyesha kuguswa na jambo lolote. Upande wa kushoto, kwenye zizi lake, alisimama dume lake, Katibu, mweusi wa kung'aa, shingo nene, dume aliyemlea tangu akiwa ndama wa kuyumba, ambaye alipanga kupiga naye picha siku ya kuhamia makao makuu. Hakuwahi kumpenda mtu yeyote ofisini kama alivyompenda Katibu. Chini ya mlango, nyuma ya visigino vyake, mstari mwembamba wa mwanga ulikuwa umelala sakafuni, naye hakuruhusiwa kuutazama.

Ilipita saa nzima. Miguu ikamfa ganzi. Mlango ukafunguka kidogo, na Agatha akatoa kichwa.

"Baba, wanauliza. Katibu ana doa jeupe mahali popote?"

Basili alitamani aseme lipo. Aseme chini ya tumbo, nyuma ya sikio, popote. Lakini Agatha mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwogesha dume huyo kila Jumamosi, na alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayeuliza kwa ajili ya kumbukumbu tu.

"Hana," alisema.

"Asante." Mlango ukafungwa.

Mtendaji alitega sikio. Akapunguza pumzi. Akarudi nyuma nusu hatua, kadiri Gerald alivyomruhusu. Kwenye ofisi ya kata, kwa miaka miwili, kila aliyekohoa ukumbini alisikika kwake, na kila alichonong'ona yeye kilisikika ukumbini. Hapa, kimya kabisa.

"Gerald," alinong'ona. "Wewe una masikio mazuri. Wanasema nini humo ndani?"

Gerald alisikiliza kwa uaminifu, kichwa amekiinamisha, kwa muda mrefu.

"Hakuna kinachotoka, Mheshimiwa," alisema mwishowe. "Silingi ni nzuri."